Barua ya wazi: Matumizi ya programu bila leseni tunayafundisha wenyewe darasani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kwa viongozi wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) na wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Na kwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA).

YAH: PROGRAMU ZA KOMPYUTA ZISIZO NA LESENI KATIKA SHULE NA VYUO VYETU

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta. Nimefundisha sekondari na sasa ninafundisha katika chuo cha kati. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa kompyuta mtaani, kazi ninayoiheshimu hadi leo. Ninawaandikia ninyi nyote kwa pamoja kwa sababu jambo hili limegawanyika kati ya ofisi zenu, na kila linapoguswa huishia kwenye meza isiyo na mamlaka ya kulimaliza. Tabia ya kutumia programu bila leseni, ambayo sisi watu wazima tunaizungumzia kana kwamba vijana wamezaliwa nayo, inafundishwa na taasisi zetu za elimu. Inafundishwa kwa maandishi, ndani ya miongozo ya kazi za wanafunzi. Ninaomba ianze kuondolewa huko kabla hatujamgusa mwenye kibanda cha steshenari.

Kwa asiyewahi kukaa upande wa fundi, nieleze kazi inavyokwenda. Mtu ananunua laptopu iliyotumika, na kesho yake anaipeleka kwa fundi akampigie Windows. Fundi anachomeka flashi, anafuta kila kilichomo, anaweka mfumo endeshi, anaweka Office, anaviamsha vyote viwili kwa kraki, yaani kiprogramu cha kuvunja kufuli la leseni, anamwongezea mteja programu ya kuhariri picha kama bakshishi, kisha anapokea shilingi elfu kumi au kumi na tano. Mteja huyo anaweza kuwa mchungaji, hakimu, muuguzi au mwalimu mwenzangu, mtu ambaye akiokota simu ya mwenzake ataitafuta namba ya mwenyewe hadi aipate. Ukimwambia kwamba alichowekewa hakikulipiwa atashangaa kwa dhati, maana yeye amelipa. Fedha alimpa fundi mkononi. Malipo hayo madogo ndiyo yanayoficha jambo zima. Fundi analipwa ujira wa kazi ya mikono yake, na mteja anaondoka akiamini amenunua bidhaa.

Kwenye muziki tumeanza kuelewa kidogo. Mtu akisikia kwamba wimbo wa msanii wa hapa nyumbani umesambazwa bila idhini yake, anamwona msanii huyo akilini, anajua anakotoka na huenda amemwona jukwaani. Programu haina sura. Aliyeiandika yuko mbali, kampuni yake ni tajiri, na nakala moja zaidi inayowekwa Tabora au Mtwara haionekani kumpunguzia chochote. Watu wanafikiri hivyo kila mahali, na wamefikiri hivyo tangu zamani. Mwezi Februari mwaka 1976, Bill Gates, akiwa kijana wa miaka 20, aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta wa Marekani akilalamika kwamba wengi wao walikuwa wakinakiliana programu yake ya BASIC bila kuilipia. Waliokuwa wakinakiliana walikuwa Wamarekani, wengi wao watu wenye elimu na kipato. Ninalitaja hilo kwa sababu nimechoka kusikia kwenye semina kwamba tatizo hili ni la Mwafrika na maadili yake.

Bei nayo lazima isemwe wazi. Leseni ya Windows Pro huuzwa karibu dola 200 za Marekani. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma wa nchi hii, baada ya nyongeza ya Julai 2025, ni shilingi 500,000, yaani mshahara wa mwezi mzima unakaribia kumezwa na leseni moja ya mfumo endeshi, kabla mtu hajanunua programu hata moja ya kufanyia kazi. Anayepanga bei kwa kuangalia kipato cha watu wa California hawezi kushangaa sana anapokuta mtu wa Kigoma hakupita dirishani kulipa. Hata hivyo, umaskini hauelezi kila kitu, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Laptopu nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 2012 zimewekewa na kiwanda ufunguo wa leseni ya Windows ndani ya ubao mama wenyewe. Nyingi ya mashine zilizotumika zinazoingia nchini kutoka Ulaya na Dubai ni za namna hiyo. Fundi akiweka toleo linalolingana na ufunguo ule, mashine hujitambua yenyewe na leseni inakubali bila senti moja kuongezwa. Badala yake anaweka toleo lile lile alilonalo kwenye flashi na kulivunja kwa kraki, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofundishwa na aliyemtangulia, na mteja anatoka akiwa na kitu cha kificho wakati alichokuwa nacho awali kilikuwa halali yake. Hilo ni suala la mazoea, na mazoea yana mahali yanapoanzia.

Sheria tunayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inaziweka programu za kompyuta katika kundi moja na vitabu na maandishi mengine, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inagusa ukiukaji wa haki hizo kwa njia ya kompyuta. Kanuni za biashara za kimataifa zimetupa sisi, nchi zenye maendeleo duni, muhula wa kutolazimika kulinda haki za namna hii hadi Julai 2034, lakini Bunge letu halikusubiri, na naona lilifanya vyema. Tatizo ni kwamba sheria hii ikitekelezwa kwa njia rahisi, yaani kwa msako, atakayekamatwa ni kijana mwenye meza moja, mashine moja ya kutoa kopi na flashi tatu. Ofisi iliyomtuma mwanafunzi kwake itabaki salama.

Ndiyo, mwanafunzi ametumwa. Mwongozo wa utafiti wa chuo unasema takwimu zichambuliwe kwa SPSS. Mwongozo wa kazi ya usanifu unasema michoro iwasilishwe kwa AutoCAD. Somo la uhasibu linahitaji Tally. Ukiuliza maabara ya chuo ina leseni ngapi za programu hizo, utajibiwa kwa ukimya, au utaambiwa zimo kwenye mashine mbili ambazo funguo za chumba chake anazo mtu aliyesafiri. Mwanafunzi hajaambiwa popote aende akaibe. Ameambiwa tu alete kazi Ijumaa, katika programu ambayo mwalimu wake, mkuu wa idara yake na mkuu wa chuo chake wote wanajua hawezi kuinunua, na ambayo wenyewe pia hawakuinunua. Mtoto wa miaka ishirini anayesoma jambo hilo kwenye karatasi yenye mhuri anajifunza kitu ambacho hakuna semina ya maadili itakayokifuta.

Binti mmoja wa mwaka wa tatu aliniletea laptopu yake wiki chache kabla ya kuwasilisha utafiti. Alikuwa amewekewa SPSS steshenari. Folda ya programu bado ilikuwepo, na ndani yake kulikuwa na faili fupi la maelekezo ambalo mafundi wote tunalijua: zima antivirusi kwanza, kata intaneti, weka programu, nakili faili hili juu ya lile, usiruhusu kamwe programu ijisasishe. Ninaomba myatafakari maelekezo hayo moja moja. Yanamtaka mtumiaji amfukuze mlinzi, afungue mlango kwa mkono wake, amwingize asiyemjua, kisha aahidi kutofanya ukaguzi tena. Katika laptopu ile nyaraka zote, pamoja na sura ya nne ya utafiti wake na picha za mazishi ya baba yake, zilikuwa zimefungwa na kuongezewa kiishio kigeni katika majina yake, na kila folda ilikuwa na barua ya Kiingereza inayodai malipo kwa dola. Sikuweza kuzifungua. Sura ya nne aliiandika upya kutoka kwenye madodoso ya karatasi, ambayo kwa bahati alikuwa ameyahifadhi chini ya kitanda. Picha hakuzipata tena.

Hasara ya namna hii haiishii kwa mtu mmoja mmoja. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea duniani kwa siku chache, kikaingia katika nchi zaidi ya 150 na kuvuruga hospitali za umma za Uingereza hadi wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Tundu lililotumiwa lilikuwa limeshazibwa na Microsoft mwezi Machi mwaka huo huo. Walioumia ni ambao hawakuwa wamesasisha mashine zao, na mashine iliyopigwa Windows kwa kraki mara nyingi imezimiwa masasisho makusudi, ili isije ikagundulika. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 yenyewe imeachwa na mtengenezaji wake, na Windows 11 haizikubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018, ambazo ndizo zilizojaa katika maabara za shule zetu. Mafundi tayari wanailazimisha iingie kwa njia za panya. Nimetembelea maabara ambamo kila skrini ina yale maandishi hafifu ya kona ya chini kulia yanayomtaka mtumiaji aamilishe Windows. Mtoto wa kidato cha pili aliniambia kwamba alidhani ni sehemu ya kioo.

Mheshimiwa Waziri, wapo wanaosema kwamba hasara hii ni ya matajiri wa ng'ambo na kwamba tusiwapiganie. Mimi naipigania kwa sababu ya vijana wetu wenyewe. Mmoja niliyemfundisha aliandika programu ya kutunza stoo na mauzo ya duka la dawa, kwa Kiswahili, yenye tarehe za dawa kuisha muda na madeni ya wateja, kazi nzuri kabisa. Aliwauzia wenye maduka wachache wa mjini kwake. Baadaye akaikuta katika duka ambalo hakuwahi kukanyaga, ikitoa risiti zenye jina la duka la kwanza, maana aliyeinakili hakujua pa kulibadilisha. Mwenye duka hakukasirika wala hakujificha. Alimkaribisha kiti, akamwagizia soda, akamwomba amrekebishie jina la juu ya risiti. Hakuona kwamba kuna kitu amechukua. Kijana yule ameacha kuuza programu. Ameajiriwa katika kazi isiyohusiana na kompyuta, na sijui mwingine wa mji ule aliyejaribu baada yake. Tunahimizana kila siku kwamba vijana wajiajiri kwa TEHAMA, na wakati huo huo tumemlea mteja asiyeamini kwamba programu ni kitu cha kununuliwa.

Njia ya kutoka ipo, na sehemu kubwa yake haihitaji bajeti mpya. Kampuni ya Autodesk huwapa wanafunzi na walimu AutoCAD bure kwa ajili ya masomo, na Microsoft huvipa vyuo na shule Office ya mtandaoni bila malipo. Sharti kubwa ni kwamba chuo kithibitishwe na mwanafunzi aweze kuthibitishwa kuwa ni wa chuo hicho, na kwa kawaida njia rahisi ni anwani ya barua pepe ya chuo. Hapo ndipo tunapokwama. Vipo vyuo vyenye tovuti na jina lake la mtandaoni ambavyo havijawahi kumpa mwanafunzi anwani hata moja, kwa hiyo mwanafunzi wake anatumia kraki ya kitu ambacho kimewekwa mezani kwa ajili yake bure. Kila ninapolikumbuka jambo hili huwa naumia, kwa kuwa kulirekebisha ni kazi ya siku chache ya ofisa mmoja wa TEHAMA aliyepewa maagizo.

Kwa yale yasiyo na leseni za bure za wanafunzi kuna programu huria, ambazo mtu anaruhusiwa kuzinakili, kumpa mwenzake na hata kuzibadilisha, na sheria iko upande wake. R na PSPP zinachambua takwimu. QGIS inachora ramani. LibreOffice inaandika barua na kupiga hesabu, na Ubuntu inafufua kompyuta ambazo Windows 11 imezikataa. Wala hatuanzii sifuri. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na ilikuwa ni fahari ambayo tuliiacha ikafifia bila kuipeleka shuleni. Tangu mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata za Dar es Salaam walichora mitaa, mifereji na maeneo yanayofurika kwa kutumia OpenStreetMap na QGIS. Wizara ya Afya inakusanya takwimu za vituo vya afya nchi nzima kwa DHIS2, ambayo nayo ni programu huria, na wapo Watanzania waliobobea katika kuiendeleza. Serikali imekwisha kuona kwamba vitu hivi vinafanya kazi nzito. Ni darasani tu ambako bado tunaviita vya majaribio.

Najua jibu litakalotolewa: waajiri wanataka SPSS, wanataka AutoCAD, na tangazo la kazi linasema mwombaji ajue Ms Word. Ni hoja ya kweli na siidharau, kwa sababu mwanafunzi wangu ndiye atakayekaa mbele ya jopo la usaili. Lakini aliyeelewa maana ya wastani, mkengeuko na sampuli akiwa anatumia R hahitaji zaidi ya siku chache kuzoea vitufe vya SPSS. Aliyekariri vitufe bila kuelewa, ambaye ndiye tunayemzalisha kwa wingi sasa, anapotea toleo jipya linapohamisha menyu. Na pale ambapo programu mahususi ni lazima kweli kwa taaluma, kama ilivyo kwa wasanifu majengo, basi chuo kitumie leseni ya masomo au kiinunue, na gharama ionekane kwenye bajeti kama zinavyoonekana saruji na madawati. Chuo kisichoweza kufanya lolote kati ya hayo mawili kisiandike jina la programu hiyo kwenye mwongozo wake.

Kwa hiyo, ombi langu la kwanza na kubwa kuliko yote ni waraka mmoja, wa ukurasa mmoja, unaokataza taasisi yoyote ya elimu kumtaka mwanafunzi atumie programu ambayo taasisi yenyewe haimpatii kihalali. Waraka huo utaje matokeo yanayotakiwa, yaani uchambuzi sahihi, mchoro sahihi, hesabu zinazofunga, na uache chombo cha kufikia huko kiwe chochote kilicho halali. Kazi zipokelewe kwa PDF na kwa miundo ya faili iliyo wazi, yaani isiyofungwa na programu ya kampuni moja, maana wanafunzi wangu wamewahi kurudishiwa kazi kwa sababu ya kiishio cha faili. TCU na NACTVET, mnapokagua chuo, mnaangalia maktaba, sifa za wahadhiri na idadi ya kompyuta. Ulizeni pia kompyuta hizo zinaendeshwa na nini, na mtake kuonyeshwa. Mkuu wa chuo akijua swali hilo linakuja, anwani za barua pepe za wanafunzi zitapatikana kabla hamjafika getini.

Kwa COSOTA, na kwa wenzenu wa COSOZA kule Zanzibar, ninaomba mafundi msiwaendee na polisi. Waendeeni na mafunzo. Fundi anayejua kuutumia ufunguo uliomo kwenye ubao mama, anayejua kuweka Ubuntu na LibreOffice zikafanya kazi na printa ya mteja, ataendelea kulipwa shilingi elfu kumi na tano zake, tena kwa kazi isiyomrudia kesho ikiwa na virusi. Ofisi yenu pia iwafikie waandishi wa programu wa hapa nchini kama ilivyowafikia wanamuziki: iwasajili, iwaeleze mkataba wa leseni unaandikwaje kwa Kiswahili ambacho mwenye duka la dawa atakielewa, na iwe tayari kusimama nao wanapokwenda kudai. Kesi moja ya mwandishi wa hapa, ikisikilizwa na kutangazwa, itaeleweka mitaani kuliko matangazo ya kampuni za nje.

Na kabla ya yote hayo, ofisi zenu zikague kompyuta zake. Siwatuhumu, sijui kilichomo ndani ya mashine zenu. Ninachojua ni kwamba zabuni nyingi za kompyuta nilizopata kuziona zinataja ukubwa wa diski na kasi ya prosesa kwa ufasaha mkubwa, na kuhusu mfumo endeshi zinasema tu uwemo, bila kutaja leseni, na mzabuni aliyepunguza bei ili ashinde anajua pa kupunguzia. Neno "leseni" likiongezwa katika masharti ya zabuni, pamoja na haki ya mzabuni kuleta mfumo huria, sehemu kubwa ya mlango huo itafungwa.

Miongozo ya tafiti na ya miradi hupitiwa katika vyuo vingi wakati wa likizo ndefu, kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza. Waraka ukitoka kabla ya hapo, idara zitakuwa na muda wa kubadilisha karatasi zao, na walimu kama mimi tutakuwa na muda wa kujifunza tunachopaswa kufundisha. Niko tayari kushirikiana na chuo au shule yoyote itakayohitaji kuanza, na ninawajua walimu wengine walio tayari.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa kompyuta,
Morogoro